Mkurugenzi wa Pili Yuko Wapi?

3 Februari

Mdogo wangu,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto je, wanakua au bado wanakula tu? Sisi huku wazima, ukiacha mgongo wangu ambao umeamua kuwa na maisha yake.

Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika. Najua utasoma, maana tangu utoto huwezi kuona karatasi ukaiacha. Hospitali kubwa ya mjini inataka tuwashonee sare wafanyakazi wake wote, kazi ya miaka mitatu. Tukiipata, hakuna fundi atakayerudi nyumbani kukaa. Tukiikosa itabidi nipunguze nusu yao, kwa sababu sare za shule zinatushikilia msimu mmoja tu. Shida ni kwamba hawafungi mkataba na kampuni isiyo na katibu wa kampuni mwenye sifa, aliyesomea na kusajiliwa, wa kusimamia mikutano na taratibu za kisheria. Nikamwambia wakili binti wa kaunta anaandika haraka, tumpe yeye. Akacheka mpaka akavua miwani. Tena anasema uteuzi lazima tuutie saini wakurugenzi wote wawili, mimi na wewe, kama baba alivyotuachia.

Fomu hiyo hapo ndani. Jina nimeliacha wazi, nitajaza mwenyewe. Wewe tia saini tu urudishe.

Dada yako


19 Februari

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Wifi yako amepona kabisa, sasa anabeba ndoo mwenyewe na hataki kusaidiwa. Watoto wanakula.

Fomu yako nairudisha kama ilivyokuja. Siweki saini chini ya nafasi tupu. Mwaka juzi nilitoka kumuuguza mke wangu hospitalini, nikaja kazini na mkasi wangu mfukoni, nikakuta kufuli. Nikakaa kwenye ngazi nikidhani mmechelewa kufungua. Muuza magazeti ndiye aliyeniambia mmehama tangu wiki iliyopita. Mimi mkurugenzi, mkataji wa kampuni hiyo tangu siku ya kwanza, naambiwa na muuza magazeti. Leo unaitaka saini yangu kama mtu aliyekumbuka mhuri wake uko kwenye droo.

Huku nina kazi, nakata maturubai. Turubai ni gumu lakini halina maneno. Ukimpata huyo katibu, niambie ni nani na umempataje. Hapo nitafikiri.

Mdogo wako


5 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia habari za wifi, ila mwambie asijifanye chuma.

Kuhusu kufuli: mwenye nyumba alitupa siku chache tu, nikahamisha mashine kichwa kikiniwaka moto. Nilimwagiza dereva akuambie. Dereva anasema alijua nimekuambia mwenyewe. Ndivyo ilivyokuwa na sitaki kulirudia.

Usaili nimefanya. Wa kwanza alikubali kila nilichosema kabla sijamaliza kukisema. Nikamjaribu, nikamwambia mashine zetu tunazisafisha kwa chumvi, akasema ni utaratibu mzuri. Kuna mwingine alijisifu mpaka chai yake ikapoa. Mwishoni akaja mama mmoja na mwavuli mkubwa, vyeti vyake safi, ameifanya kazi hiyo miaka mingi kwenye kiwanda cha mabomba. Aliomba kuiona katiba ya kampuni. Nikaitafuta kila mahali, kumbe nilikuwa nimeikunja chini ya mguu wa meza inayoyumba. Akaisoma yote, mimi nimekaa mbele yake kama mwanafunzi. Kisha akauliza, "Mkurugenzi wa pili yuko wapi?"

Nikasema umesafiri. Akauliza tangu lini, nikasema mwaka juzi. Akataka kujua mikutano inafanyikaje. Nikamweleza kwamba mimi hutoa uamuzi nikiwa nanawa mikono, aliye karibu ndiye anayesikia. Hata hakutabasamu. "Kwa hiyo kampuni yenu haijakutana," akasema.

Ameniudhi. Namtaka yule wa chumvi. Fomu nimekuwekea tena.

Dada yako


14 Machi

Dada,

Shikamoo. Huku salama, mvua tu zinatusumbua.

Saini hiyo hapo, na pembeni nimeandika kuwa ni kwa ajili ya mama wa mwavuli. Ukimwingiza yule wa chumvi, siitambui. Huyo mama simjui, lakini katika miaka yote hii ndiye mtu wa kwanza huko kuuliza niko wapi.

Usidhani narudi. Nimetia saini tu.

Mdogo wako


28 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mgongo wangu umepoa, roho ndiyo imechafuka.

Katibu alikutumia mwito wa mkutano wiki tatu kabla, kama katiba inavyotaka, ukiwa na saa, mahali na mambo ya kuzungumzwa. Karatasi ya posta ina saini yako, kwa hiyo ulipata. Hukujibu na hukuja.

Jana saa nne tuliketi kwenye meza ya kukatia. Aliweka viti vitatu. Nikamwambia tuanze, tuidhinishe mkataba wa hospitali. Akasema bila wewe hatutimii, na katiba inataka tusubiri nusu saa. Unanijua, mimi sijawahi kusubiri hata maji yachemke. Mafundi walipunguza mwendo wa mashine ili wasikie. Kila mlango ukilia, nageuka. Akaja mleta nyuzi, akaja msoma mita ya umeme, wote nikawakunjia uso kwa sababu hawakuwa wewe. Muda ulipoisha katibu akasema mkutano umeahirishwa hadi Jumatatu ijayo, saa ile ile, mahali pale pale. Mafundi wameshambandika jina, wanamwita Nusu Saa.

Nilitegemea nitakasirika. Badala yake niliingia stoo nikakaa peke yangu. Hivi siku ile ulikaa muda gani pale kwenye ngazi?

Dada yako


5 Mei

Mdogo wangu,

Salamu kwa wote. Hukunijibu, basi nakusimulia tu.

Jana nimesubiri tena. Nusu saa ilipokwisha, katibu akanieleza kwamba mkutano ukishaahirishwa mara moja, mkurugenzi aliyepo anatosha. Akanisogezea mkataba na kalamu. Nikamwambia aahirishe. Akasema katiba hainilazimishi, naweza kuendelea peke yangu. Nikamjibu najua, katiba nimeisoma. "Ahirisha. Simwamulii tena mtu ambaye hayupo."

Aliniangalia kidogo, halafu akaandika. Mwito mwingine atakutumia leo.

Afisa manunuzi wa hospitali amenipigia simu akanitolea maneno. Atangoja hadi Jumanne ijayo, baada ya hapo kazi anampa mwingine. Mafundi wanajua, na hakuna aliyeniuliza kwa nini. Mkuu wao alikipangusa kile kiti cha tatu, kisha akarudi kwenye mashine yake. Usipokuja sitakulaumu, ila naogopa, mdogo wangu. Hilo nakuambia waziwazi.

Dada yako


8 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Barua hii nampa kondakta wa basi initangulie.

Mwito wa kwanza wa katibu niliusoma nikauweka juu ya kabati. Huu wa sasa wifi yako ameubandika mlangoni nisipite bila kuuona. Umeandikwa mahali pa mkutano: nyuma ya ghala la chumvi, ghorofa ya kwanza, mlango wa buluu. Kabla ya miito hii nilikuwa sijui mlihamia wapi. Sikuuliza, na hakuna aliyeniambia.

Umeniuliza nilikaa muda gani. Nilikaa mpaka kivuli cha ngazi kikaisha.

Kazi ya maturubai nimeomba ruhusa, sijaacha. Mkasi nimeunoa. Jumatatu basi hufika saa nne kasoro. Likichelewa, mwambie Nusu Saa ahesabu polepole. Usije kunipokea kituoni wala kunisubiri ngazini, maana nitalia na mafundi wataniona. Kaa kwenye kiti chako tu, na mlango usiwe na kufuli.

Mdogo wako