Mto Haukumchukua Shefali

Amma,

Shefali yu hai. Naanza na hilo kwa sababu najua ungenikatiza kama ningeanza na salamu. Mdogo wako yu hai, meno yamebaki machache, mdomo anao kuliko wewe, na shuka ulilomshonea limemfika. Nimelikabidhi mimi mwenyewe, Zuhura, mkamwana wako. Sasa tulia nikusimulie.

Nakuandikia kwa Kiswahili. Hukukijua zaidi ya "pole pole" na "chai bado", lakini Kibengali changu ni cha jikoni, na Kiingereza chetu sote wawili kilikuwa cha kuazima. Huko uliko nadhani hakuna haja ya mkalimani.

Tangu tukuzike, fleti yetu hapa Laurel, Marekani, imekuwa kubwa. Jikoni kule kule tulikokuwa tukipigana vikumbo, sasa mtu unaweza kucheza ngoma. Amina hataki yeyote akalie kiti chako cha dirishani, hata wageni anawafukuza, kwa Kiingereza chake kile cha shuleni. Na Kamal, unamjua mwanao, akihuzunika anakuwa kama jokofu: ananguruma kidogo, halafu kimya. Mimi nililia bafuni, maji yakiwa wazi, wasinisikie. Sikujua kama mtu anaweza kumlilia mama mkwe namna ile. Kwetu tumezoea kusikia mengine.

Shuka lako lilikaa kabatini majira yote ya baridi. Kila nikifungua nichukue taulo, naliona. Kantha, ulinifundisha jina lake, sari kuukuu juu ya sari kuukuu, zimeshonwa pamoja kwa mishono midogo mpaka zinakuwa kitu kimoja kizito. Ulilishona kwenye kile kiti mpaka vidole vikakataa. Na neno lako la mwisho la maana, kabla dawa hazijakuchanganya, lilikuwa "Shefali-ke dio." Mpe Shefali. Nikakuambia nitampa. Baadaye ndiyo nikajiuliza, nitampaje mtu ambaye kijiji chake kimeliwa na mto?

Maana Kolmidanga ilikuwa imeliwa na Padma. Ulituambia wewe mwenyewe, siku ile ulipopigiwa simu ukakaa chini sakafuni na mwiko mkononi. Baada ya hapo namba zote zikawa haziiti tena. Kamal alimuuliza kila Mbengali tuliyekutana naye, msikitini, harusini, hadi kwenye foleni ya visa: kuna anayemjua Shefali Begum wa Kolmidanga? Alinunua kadi za simu kwenye duka la Waafrika kule Silver Spring, akawapigia watu wa wilaya yenu akitaja jina hilo hilo. Shefali Begum? Hayupo. Hajulikani. Kila jibu lilikuwa kama kumzika mtu mara ya pili, mpaka akaacha kupiga.

Nikasema twendeni wenyewe. Mwenzangu kazini, nesi Mkenya anayeitwa Wanjiru, alishika kiuno. "Haki Zuhura, mna-book ticket mwende ku-search mtu kwa maji?" Nilikuwa na shuka tu.

Amma, kijiji chako nilikuwa nakijua kabla sijakanyaga huko. Ulinichorea kwenye unga wa chapati, juu ya meza yetu, kwa kidole. Mimi mtu wa Kilosa, nimekulia chini ya milima, nikakuuliza kilima kiko wapi, ukacheka mpaka ukakohoa. Hakuna kilima. Nchi yote bapa kama sinia, na kila palipoinuka pameinuliwa na jembe. Mtu akitaka kujenga anachimba udongo, anaulundika, nyumba inakaa juu ya lundo, na shimo linabaki kuwa bwawa la samaki na la kuogea. Mvua zikija, kila lundo linakuwa kisiwa. Ukiishiwa chumvi unapanda chelezo cha migomba, unakwenda kuazima kwa jirani, na kama mmegombana unazunguka kwa jirani wa pili huku wa kwanza anakutazama. Upande wa magharibi wafinyanzi, Wahindu, sikukuu yao peremende zinakuja kwenu, Idi yenu tambi zinakwenda kwao. Jioni wanawake wote kwenye ngazi za bwawa, na hapo ndipo kesi zote za kijiji zilipohukumiwa. Kipupwe, mashamba ya haradali yanakuwa ya manjano mpaka macho yanauma. Ulikuwa ukifika hapo unakusanya unga wote unautia kwenye bakuli. Kijiji kinakuwa chapati. Nasi tunakila.

Tulimwacha Amina kwa Wanjiru, tukaruka kutoka uwanja wa Dulles. Kutoka Dhaka ni gari, kisha kivuko, kisha baiskeli ya miguu mitatu yenye ubao nyuma, nimekaa juu yake na hijabu yangu na shuka lako mapajani, watoto wanakimbia nyuma kumwona mwanamke mweusi. Tukafika ukingoni penye kibanda cha chai. Kamal akauliza Kolmidanga ilikuwa wapi. Mwenye kibanda, mzee mwenye ndevu nyekundu za hina, akanyoosha kidole. Alionyesha katikati ya mto.

Maji ya kahawia, mapana, hayana hata aibu. Mwanao akakaa kwenye benchi, akafunika uso. Mimi nilipandwa na hasira, sijui nilimkasirikia nani, labda mto. Tumevuka dunia kuja kutazama maji! Mzee wa chai akatuuliza tunamtafuta nani. Kamal akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kujibu mara nyingi, Shefali Begum. Mzee akatikisa kichwa. Hamjui. Akawauliza waliokuwepo. Hakuna anayemjua.

Hapo ndipo wazo liliponijia, Amma, na nilitamani nijipige kofi. Nani Kilosa anamjua mama yangu kwa jina la Rehema? Ingia mtaani kwetu umuulize Rehema, utazunguka mpaka jua lizame. Uliza Mama Zuhura, utapelekwa hadi mlangoni na kumwagiwa siri zake njiani. Na wewe je? Wabengali wote wa Laurel walikuita Mama Kamal, na sisi wenye akili zetu tunamtafuta mdogo wako kwa jina la kwenye pasipoti! Kamal hakumkumbuka binamu yake, aliondoka huko akiwa mdogo. Lakini mimi nilikuwa na habari zote ulizonipa tukikata vitunguu. Mtoto wa kwanza wa Shefali ndiye aliyeanguka kutoka juu ya mtende akamwagikiwa na utomvu wote kichwani. Monir. Nikasimama, nikasema kwa Kibengali changu cha jikoni, kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa mkwe: "Monirer Ma!" Mama Monir.

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Aaa, Monirer Ma! Kwa nini hamkusema? Yule mwenye bata? Yule mgomvi? Watu watatu walisimama kwa pamoja kutupeleka.

Kolmidanga ipo, Amma. Ipo nyuma ya tuta. Ukingo ulipoanza kumeguka, walizifungua nyumba zao za mabati, ukuta kwa ukuta, bati kwa bati, wakazipakia kwenye mashua, wakazisimamisha upya ndani zaidi. Na walizipanga kama zilivyokuwa. Wafinyanzi magharibi. Msikiti katikati. Hata wale ndugu wawili waliokuwa wakigombea mpaka wa ua, wamejenga ubavu kwa ubavu tena na wanaendelea kugombana. Jina wamehama nalo pia. Wamechimba mabwawa mapya, na kwenye ngazi za bwawa kesi zinaendelea. Ya kwanza niliyoisikia ilikuwa ya kwangu: kwa nini mkamwana wa Mama Kamal ni mwembamba hivi, mumewe hamlishi?

Nisikudanganye. Kaburi la mama yenu limekwenda na maji. Shefali alinionyesha upande lilikokuwa, na kila Ijumaa anasimama ukingoni anaomba dua akiutazama mto. Alisema maji yanapita lakini Mungu hapiti. Basi nami nikasimama naye, nikamwombea bibi ambaye sikumwona, na wewe.

Kamal alipokwisha kumpa habari za kifo chako, shuka alilipokea kwa mikono miwili. Hakulia. Aliligeuza kwanza nyuma, akakagua mishono, akasema, "Bado mvivu, anarusha sindano." Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, maana ndivyo ulivyokuwa ukisema juu yake! Kisha akazitambua sari moja moja, hii ya harusi, hii ya Idi, hii ulimnyang'anya yeye. Akafika kwenye kile kipande cha khanga yangu ulichonipora kabatini ukakishona pembeni. Akaniangalia. Akasema, "Njoo ule, bouma." Mke wa mwanangu. Tangu ufe hakuna aliyekuwa ameniita hivyo. Kamal alikuwa mlangoni, analia kwa sauti, kama mtoto, mbele za watu. Niliona jinsi mabega yake yalivyoshuka.

Baada ya kula, Shefali alitandika shuka lako juu ya kitanda, akajilaza juu yake, na kabla hatujamaliza chai alikuwa anakoroma. Majirani wakaendelea kuongea kwa sauti zao zote. Nami nilikaa hapo nikimsikiliza, moyo umetua, kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya hospitali.

Lala nawe, Amma. Mzigo wako umefika. Wanakijiji wenyewe wanasema Padma haijashiba na siku moja watafungua mabati tena. Wafungue. Amina ameshajifunza kusema Monirer Ma, analisema vizuri kuliko mimi, na mvua zikiisha tunampeleka. Popote watakapozisimamisha nyumba zile, tutafika na kuuliza.

Bouma wako,
Zuhura