Kinyozi Aliyejikata Sikio

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka umalize ndipo uendelee kusoma. Mimi ni kinyozi, baba wa watoto watatu, na mwaka jana ujana ulinirudia ukubwani nikatoboa sikio, nikavaa hereni, nikajiona wa mjini, kumbe kidonda kilipopona kikaota kinundu, mara punje ya mahindi, mara harage, nikapaka kitunguu saumu, nikapaka dawa ya meno, nikanuka kama jiko lililopigwa mswaki, nacho kikazidi kunawiri, ndipo nikajiambia wembe ninao, mkono hautetemeki, nikakikata mbele ya kioo cha saluni, damu ikaruka, mke wangu akanikandamizia taulo akisema, "Baba watoto, nywele ndizo hukatwa zikakubali," na kweli hakikukubali, kimerudi kikubwa zaidi, kinawasha, silali upande huo, na kitindamimba wangu kaniuliza mbele ya mama mkwe, "Baba, hicho kitazaa lini?" Sasa nimenoa wembe nikate hadi kwenye mzizi. Isitoshe, binti yangu mkubwa anataka kutoboa masikio, nikimkataza ananijibu, "Mbona wewe ulitoboa?" Nifanyeje?

Kinyozi wa Kinundu

Ndugu kinyozi,

Nimecheka. Pole. Sasa weka wembe chini.

Hiyo ni keloidi, kovu lisilojua kuacha kukua. Si saratani, haiambukizi, wala hukurogwa. Ila ukilikata tu bila tiba nyingine, unaligawia kiwanja kipya, nalo litajenga ghorofa. Sikio la kufa halisikii dawa. Lako lingesikia, lakini wewe umelipaka viungo vya mchuzi!

Nenda kwa daktari wa ngozi. Huenda akakuchoma sindano za dawa ndani ya kovu lenyewe, kwa awamu. Zinauma, lakini mtu aliyejikata mwenyewe atashindwa nini? Muulize pia kuhusu bandiko la silikoni na hereni maalumu ya kulibana. Litalainika na kunywea taratibu, kwa miezi, huenda lisiishe lote. Ukiona nafuu usitoroke kliniki, maana hurudi.

Binti usimfokee. Keloidi hutembea katika ukoo. Mketishe, aliguse hilo kovu, umwambie, "Mwanangu, nilikosea, na damu yangu ndiyo yako." Kisha msikilize.

Kesho anzia kliniki, saluni baadaye. Wateja watasubiri, nywele hazijawahi kumkimbia kinyozi.