Chini ni Chini

Jumapili, 6 Julai 2025

Baridi ya Iringa leo imeingia hadi kwenye mswaki. Lakini nimecheka kuliko mwezi mzima! Binti yetu Tumpe kapiga simu kutoka Mbeya: anatununulia jakuzi. Beseni kubwa la maji moto yenye mapovu, litakaa barazani nyuma. Ni kwa ajili ya magoti ya mama yake — na kwa moyo wangu pia, kasema, kwa kuniridhisha. Litafika Desemba. Sisi tutangulize umeme.

Mke wangu Tekla akaninyang'anya simu. "Mwanangu, mimi mama mzima wa kanisa, nitaingia humo na nguo gani?" Tumpe kamwambia aingie na kitenge.

Mwezi uliopita daktari alinishauri nisipange mambo ya Krismasi. Sasa nimepata la kupanga. Nimetoa rula. Mistari inapinda, ila hesabu imenyooka: kilowati sita, volti mia mbili thelathini — ampea ishirini na sita. Waya wake peke yake kutoka kwenye mita. Nilifundisha fizikia miaka thelathini na moja. Leo nina furaha ya mtoto aliyepewa betri na balbu.

Jumanne, 8 Julai

Fundi umeme kaja. Binti, jina lake Happy. Kaitazama ramani yangu, kainamisha kichwa.

"Babu, swichi umeiweka pale bibi anapokaa kwenye maji. Unataka aizime kwa kidole cha mguu?"

Nimecheka hadi nikakohoa. Nimefuta. Mita mbili kutoka kwenye maji, anavyotaka yeye.

Kisha akauliza ethi ya nyumba iko wapi. Waya wa kijani ule — unaopeleka ardhini umeme uliopotea njia, usipite mwilini mwa mtu. Kaufuata ukutani na kipimo chake, chumba hadi chumba. Akarudi.

"Babu, ethi yenu imeingia kwenye sementi ya sakafu, ikaishia hapo. Haijagusa udongo. Na maji haya bibi atakaa ndani! Huyo fundi wa zamani alikuwa kanjanja kweli."

Nikakunja ramani yangu, nikaingia ndani. Hii ni mara ya pili fundi yule anasemwa bure.

Jumatano, 9 Julai

Sikula. Tekla kadhani ni moyo. Ni moyo, ndiyo.

Ijumaa, 11 Julai

Niandike, maana siku zangu si nyingi.

Mwaka 1983 tulipojenga, fundi alikuwa Sedekia, kijana hodari, mwenzetu wa usharika. Mimi wakati ule nilikuwa natafuta Kiswahili safi cha kila neno la sayansi. Neno "ethi" nililipiga marufuku nyumbani kwangu. Nikamwandikia karatasi: "Waya wa kijani ushushwe hadi chini."

Alikuja kuniuliza, kwa adabu. "Mwalimu, chini wapi?"

Wanafunzi wangu walikuwa wamesimama pale. Nikajibu kwa sauti, "Chini ni chini!" Wakacheka. Akaenda, akaushusha waya hadi chini ya ukuta, akaupigia sementi. Alifanya nilichoandika.

Wiki ya pili Tekla akapigwa shoti na friji. Alirushwa hadi mlangoni. Nilikagua mwenyewe, nikaelewa papo hapo kosa ni la nani. Karatasi nikaichomoa kwenye mfuko wa vifaa ambao Sedekia alikuwa ameuacha kwetu, nikaificha ndani ya kitabu changu cha fizikia. Na Jumapili, mbele ya wazee wa kanisa, nikasema: Sedekia mzembe, nusura aniulie mke.

Walikuwa karibu kumpa kazi ya ukumbi wa usharika. Hawakumpa. Wala mtu mwingine hakumpa. Mwaka haukuisha akahamia Mafinga, kwenye mashine za mbao.

Kuchimba na kurekebisha kungekuwa kukiri: fundi mpya angeuliza nani aliagiza waya uishie pale. Kwa hiyo nikaweka mkeka wa mpira mbele ya friji. Miaka arobaini na miwili nawaambia wageni ni pambo.

Jumamosi, 12 Julai

Nimemwambia Tekla. Nilisubiri amalize chai.

Kwanza kaitazama karatasi niliyoitoa kitabuni. Kisha mabega yakaanza kutikisika — nikadhani analia. Kumbe anacheka! Kicheko kile cha usichana wake, hadi kanga ikaanguka.

"Yaani mimi nilirushwa hadi mlangoni kwa ajili ya Kiswahili sanifu?"

Nikacheka naye. Lo, raha ya kupumua! Halafu akaacha, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

"Na Sedekia, baba Tumpe? Yeye alicheka?"

Jumatatu, 14 Julai

Happy kanipeleka mjini, dukani kwa mama Nalini, anayeuza vifaa vya umeme tangu enzi za baba mkwe wake. Waya, kikata umeme, na ethi rodi — fimbo ya shaba ya kupigiliwa ardhini, ndefu kuliko mkongojo wangu.

"Mwalimu, jakuzi? Umri huu? Mnarudia fungate?"

"Hatukuimaliza ile ya kwanza," nikamjibu.

Nikamuuliza habari za Sedekia. Yu hai. Bado ananunua kwake swichi na balbu. Kanipa namba. Nimepiga nikiwa nimekaa juu ya bunda la waya. Nilitaka kusema yote kwenye simu. Yeye kasema mambo ya miaka hiyo hayasemwi kwenye simu. Atakuja keshokutwa.

Jumatano, 16 Julai

Kaja! Mvi tupu, koti refu. "Kamwene, mwalimu," kanisalimu kwa Kihehe. Mkono wa kulia hauna kidole cha shahada. Msumeno wa Mafinga. Nimeushika mkono ule, nikashindwa kuuachia.

Nikampa karatasi. Kaisoma pole pole, kaikunja.

"Nilijua uliichukua. Niliitafuta hadi nikapasua mfuko."

Nikamwomba radhi. Happy naye kamgeukia Sedekia, ameduwaa: "Babu, mimi nilikuita kanjanja, na sikujui!" Sedekia kamwambia huko Mafinga aliitwa mabaya zaidi, na wenye mbao.

Kwangu hakucheka. Kasema, "Ulinisema kanisani, mwalimu. Utanisafisha kanisani." Nimekubali. Jumapili hii, siyo Krismasi. Tekla kasema ataniegemeza bega nikisimama. Happy kasema akiona miguu imegoma ataleta kiti.

Tukanywa chai, vikombe viwili kila mtu. Sasa wako nyuma ya nyumba. Happy kamwachia nyundo Sedekia, mkubwa wake kazini. Sedekia kasimama na fimbo ya shaba mkononi, kaangalia uwanja mzima, kisha kanigeukia mimi nilipo barazani. Kwa adabu ileile:

"Mwalimu — chini wapi?"

Tekla kaziba mdomo kwa kanga. Happy anatuangalia, mmoja baada ya mwingine. Na yeye Sedekia — naona ndevu zinatikisika, lakini sauti haijatoka.

Nimeomba dakika moja niandike. Wananisubiri. Mkongojo uko wapi? Nitakwenda hadi pale, nimwonyeshe kwa kidole changu, udongoni kabisa, nyuma ya tanki la maji ambapo hapakauki.

Naweka kalamu chini. Yaani juu ya kigoda, karibu na miwani —