Mdogo Wangu Anamfundisha Mwanamke Mwingine Sauti Yangu

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafanya jambo la kujutia, maana nusu yake nimeshaifanya. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na nne, naishi Leeds na mdogo wangu Alistair, na kwa miaka tisa nimeigiza katika mchezo wake wa redio wa kuchekesha, Posta ya Zohali, unaohusu wafanyakazi wa posta waliosahauliwa kwenye sayari ya mbali. Mimi ndiye Mavis, roboti mpanga barua anayelalamikia magoti ilhali ana magurudumu. Mchezo ukapendwa, ukawa kitabu, ukapanda jukwaani, sasa televisheni wanautaka, na tangu hapo Alistair amebadilika, nikiingia anakata simu, nikiuliza anasema, "Mambo ya mikataba tu, dada, yatakuchosha," na mezani kwake nimeona karatasi imeandikwa Mavis, na mbele yake jina Rosalind Tate, si langu.

Jumanne akaniaga anakwenda kwa daktari wa meno. Mshauri, nani huenda kung'olewa jino amejipaka manukato? Nikamfuata, nikamkuta mkahawani karibu na stesheni na msichana mmoja, nikajibanza nyuma ya makoti yaliyotundikwa mlangoni, na hapo nikaisikia sauti yangu, na kicheko changu, vikitoka mdomoni mwa yule msichana, na mdogo wangu niliyemlea baada ya mama kufa akimsahihisha: "Hapana, dada yangu huguna kwanza, ndipo analalamika. Rudia." Akarudia. Akapatia. Wakacheka.

Nilirudi nyumbani, nikachukua kanda za msimu wa kwanza, ambazo hazina nakala nyingine popote, nikazificha chini ya mablanketi yangu. Sasa anazitafuta nyumba nzima. Jana kaniuliza, "Dada, hukuziona kanda? Gwilym yumo mle," yaani mwenzetu aliyefariki mwaka jana, nami nikamjibu, "Kamuulize daktari wako wa meno." Akawa mwekundu, akarudi kupekua makabati. Je, nizichome? Au nimfukuze, maana nyumba ni yangu?

Mavis halisi, Leeds

Pole, dada. Kusikia sauti yako ikigawiwa nawe umesimama pale pale kunauma, na mdogo wako amekosa. Mtu hafichi jambo la heri nyuma ya jino bovu. Shaka yako haikutoka hewani.

Lakini mama mzima kujibanza kwenye makoti ya watu! Na ulisikia dakika ngapi? Roboti wa televisheni anahitaji mtu wa kuingia ndani ya bati lile na kulitembeza. Huenda binti anajifunza mapigo ya maneno yako ili mikono iende sawa nayo. Huenda pia wamekuacha kwa sababu wanataka mtu wa umri mdogo. Mimi sijui, na wewe hujui. Anayejua unamrushia mafumbo, halafu unashangaa hakupi jibu.

Kanda usiziguse kwa moto. Mle hamna sauti yako peke yako. Yumo marehemu, na hao waliomzika hawajakukosea kitu. Zitoe leo, ziweke mezani mbele ya Alistair, useme, "Nilizichukua mimi. Jumanne nilikuwa mkahawani." Kisha ufunge mdomo. Usimsaidie kujibu, usimpe njia ya kutorokea.

Akikwambia nafasi imekwenda, muulize nani aliamua na lini, kisha nenda mwenyewe kwa watayarishaji, wakusikie kabla hawajasaini. Usimtume yeye. Habari ya kumfukuza iache mpaka umesikia jibu. Ndugu aliyefukuzwa kwa hasira harudi kwa barua.

Miaka tisa maneno yote ya Mavis amekuandikia yeye. Haya ya leo, dada, sema ya kwako.