Hodi Zisizo na Mtu

Bayan Lepas, Jumatano

Dada yangu Rokiah,

Salamu nyingi kutoka kwa ndugu yako. Natumai mkono umeacha kuvimba na wauguzi wa huko Sungai Petani wana adabu. Mimi mzima. Macho yangu yanawashinda vijana wote wa kiwanda, na miwani sivai.

Mashine inayokusafisha damu ina kadi ya umeme tunayoiunda hapa kiwandani. Povu la hewa likipita kwenye mrija, kadi hubisha hodi kwa kompyuta ya mashine, nayo husimamisha kila kitu. Mwezi huu kadi kadhaa zilianza kubisha bure, maelfu ya hodi, kompyuta ikifungua hakuna mtu. Mwisho mashine zikaganda.

Swee Lan, binti wa programu, akaandika kiraka, yaani maandishi ya kurekebisha programu ya kompyuta ile. Kwao kiraka hakipokelewi mpaka mtu wa pili akikague na jina lake liandikwe chini. Akaniletea mimi, maana nani mwingine anazijua kadi? Maandishi yale siyawezi, akanisomea mstari kwa mstari, nami namtazama yeye usoni. Akasema hodi za uongo zikizidi, kompyuta itaacha kusikiliza, iwe inachungulia yenyewe kila baada ya muda.

"Na ya kweli ikija kabla haijachungulia?"

"Itasubiri kidogo tu, Mzee."

"Povu halisubiri, binti."

Akacheka, eti mimi ni mbishi kuliko kadi zenyewe. Nikazidi kumshuku: ana kosa lake huyu, anataka kulifunika kwa jina langu. Nikakataa siku tatu. Meneja akaniita jiwe.

Jana nikachukua kadi mbovu kumi na moja ili nimwumbue. Nikazigeuza, sikuona kitu. Nikaazima miwani ya mama muuza wali pale getini, kwa siri. Dada, kwenye kila kadi mguu wa waya wa hodi haukushikwa na lehemu. Unaning'inia tu, unaokota kila mtetemo wa umeme. Na alama ya aliyelehemu ni S mbili. Ni yangu.

Kadi thelathini za namna hiyo bado ziko nje. Zinaweza kubisha bure, zinaweza pia kunyamaza povu likipita. Meneja anasema amepiga simu hospitali zote. Simwamini. Usilale tena kwenye mashine mpaka waifungue na kuikagua kadi mbele yako.

Swee Lan amekiondoa kiraka, akaandika jina langu penye mtu aliyegundua kosa. Nikamwambia aandike na aliyelifanya. Akasema mahali pa kuandika hilo hapana.

Basi nimeliandika hapa. Wasalimie watoto.

Ndugu yako,
Saidin
(miwani nimenunua)