Jimu ya Viazi, Uyole

Shangazi Tumaini, kamwene!

Uyole kuna baridi ya kuvaa soksi mikononi. Mwalimu wa ujasiriamali ametuleta sisi wanafunzi wa sayansi ya michezo tujaribu biashara. Wavulana aliwaambia wafungue jimu, sisi wasichana tukaange chipsi, la sivyo tutafeli. Nikamuuliza, "Mwalimu, si tunasoma darasa moja?" Akajibu kwamba chipsi ndiyo jimu ya kike.

Lori likatuletea viazi, magunia ya lumbesa yaliyojazwa mpaka yakaota nundu, na hakuna wa kuyashusha. Vyuma vya wavulana navyo vilikuwa vimekwama njiani. Basi mwenzangu Neema, mrusha tufe, akapuliza filimbi: "Mazoezi ya mgongo! Lipa, uinue!"

Shangazi, madereva wa malori walipanga foleni. Walilipa, wakashusha viazi vyote, wakatushukuru. Mmoja aliomba tuvipandishe tena ili amlete mdogo wake. Hata wale wavulana wa jimu walilipa.

Mwalimu akaja amevimba kwa hasira. Nikamwambia, "Inua gunia moja kwanza, ndipo utupe maksi." Akainama, na mgongo ukagoma kunyooka. Nilimkanda kama tulivyofundishwa mpaka akasimama.

Akaniuliza kwa upole, "Kesho mnafungua saa ngapi?"

Wavulana sasa ndio wanaokaanga chipsi, na wanaziunguza. Wasalimie wote hapo Kalenga, ujifunike vizuri usiku, nami nakukumbuka kila nikinusa moshi wa kuni.

Mwanao,
Atu