Mchumba Wangu Ananipenda Mimi au Kichefuchefu Changu?

Mpendwa Shangazi, niokoe kabla kadi za harusi hazijachapishwa, maana nina jambo ambalo hata mama yangu nashindwa kumweleza bila yeye kucheka.

Mimi nauza kwenye duka la dawa na mchumba wangu ni fundi wa majokofu, mtu mtaratibu, hanywi, hana makelele, ila ana ugonjwa mmoja, anapenda ndege wa baharini, tena si hawa wanaodokoa makombo gatini, yeye anawataka wale wa bahari kuu wasiogusa nchi kavu mpaka wakati wa kutaga, na wako wenzake, kiongozi wao ni mwalimu mstaafu wanayemwita Profesa, wanaokodi boti na kwenda mbali mpaka nchi haionekani, wanasimama na darubini kutwa nzima, na mimi kwa kuwa uchumba ulikuwa bado mbichi nikasema hata mimi nawapenda sana ndege, Mungu anisamehe.

Safari ya kwanza, tulipofika kwenye mawimbi makubwa tumbo likachafuka, nikainama ukingoni nikatapika chai na mayai yote, na kabla sijafuta mdomo nikasikia watu wanashangilia, nikadhani wananicheka, kumbe ndege wamekuja, wengi, wanagombania, na kati yao mmoja mdogo mweusi ambaye Profesa alikuwa amekata tamaa ya kumwona. Kawaida huwavuta kwa ndoo ya matumbo ya samaki, na siku hiyo ndoo ilikuwa bado haijafunuliwa.

Tangu hapo naitwa Chambo. Naachiwa nafasi nzuri kuliko wote, Profesa hunipigia simu kila tukikaribia kusafiri, "Dada, usisahau mayai," na siku nilipotoa vidonge vya kichefuchefu, ambavyo nauza mwenyewe dukani, akanishika mkono taratibu akasema, "Dada yangu, usitufanyie hivyo." Nikavirudisha kwenye pochi. Ndoo siku hizi hawabebi kabisa.

Mchumba wangu husimama nyuma yangu, mkono mmoja kanishika mkanda nisitumbukie, wa pili kashika darubini yake, aliyoachiwa na marehemu baba yake. Safari iliyopita niliteleza, akanidaka, darubini ikaenda majini, na papo hapo Profesa akapiga kelele kwamba anapita ndege ambaye mchumba wangu amemtafuta tangu ujana, wote wakamwona isipokuwa yeye, yeye alikuwa ananifuta uso kwa leso, na hakusema neno mpaka gatini, na ukimya ule ndio unaonitesa, najua amenuna. Sasa anasema fungate yetu itakuwa wiki nzima bahari kuu, na kundi lote limealikwa. Shangazi, huyu mtu ananipenda mimi au anapenda ninachotapika? Nivunje uchumba?

Wako, Chambo.

*

Mwanangu Chambo,

Pole. Nimecheka, nimejirudi, na sasa nakugombeza.

Unauza vidonge vya kichefuchefu asubuhi hadi jioni, halafu unatapika kwa sababu mwalimu mstaafu kakuomba? Huyo Profesa ni nani wako? Baba mkwe? Hata angekuwa baba mkwe! Mwambie mayai ale mwenyewe, na ndoo irudi botini.

La pili, ulimwambia kijana wa watu unapenda ndege. Akakuamini. Maskini, fungate hiyo anadhani anakupa zawadi.

Lakini barua yako umeiandika bila kuisoma. Darubini haina miguu, mwanangu. Unasema mkono mmoja ulikuwa kwenye mkanda na wa pili kwenye darubini. Ulipoteleza, mkono wa pili ulikwenda wapi? Ulikuja kwako. Aliachia kitu cha marehemu baba yake bila kufikiri mara mbili, kisha ndege wa maisha yake akapita huku yeye anatazama uso wako, ambao kwa maelezo yako mwenyewe siku hiyo haukuwa wa kutazamwa. Unasema alinuna. Mimi nasema aliogopa, nusura akupoteze, na mwanaume akiogopa hufunga mdomo, basi sisi tunadhani kanuna.

Uchumba usivunje hata kidogo. Mkalishe nchi kavu, kwenye kiti kisichoyumba, umwambie kwa kinywa chako kwamba bahari huiwezi na hukuiweza tangu siku ya kwanza. Atashangaa, atazoea. Fungate iwe mahali penye sakafu, na kundi libaki kwao. Baadaye aende kwa ndege wake anavyopenda, wewe umngoje gatini ukiwa umeshiba. Profesa akilalamika, mpe namba yangu.

Kadi zichapishwe. Na zawadi ya harusi umnunulie darubini, maana ile ya kwanza aliiachia ili akushike wewe.